HESABU YETU: SARAFU ZA NAMNA MBILI, NA BAHASHA YA NOTI 47

Katika ukurasa huu wa hesabu tunataka kusema juu ya fumbo ambalo kila mwanafunzi wa sekondari analikuta siku moja: sarafu ni nyingi kadiri hii, feza yote ni kiasi hiki, basi kila namna ya sarafu ni ngapi? Wengi wanalichukia fumbo hili. Wanasema: "Juu ya nini nihesabu sarafu za mutu mwingine? Afungue mufuko yake, aone!" Hata sisi tulisema vile.

Lakini katika kilasi yetu fumbo hilo hilo lilitoka katika kitabu likaja kukaa katikati yetu, na kidogo tu tungeharibu jina la mwenzetu. Tutawaeleza jambo hilo mbele kidogo. Kwanza tujifunze kazi yenyewe, kwa maana asiyejua njia hawezi kuona ni wapi sisi tulipotea.

1. SARAFU ZA WAZEE WETU

Vitabu vinasema "sarafu", lakini sisi vijana wa Kamina hatulipi na sarafu. Franka ya Kongo tunayotumia ilianza mwaka 1998, na sokoni tunalipa na noti za karatasi. Kwa hiyo ukitaka kujua mambo ya sarafu, uketi na nkambo wako jioni.

Atakuambia habari za feza iliyoitwa zaire. Ilianza mwezi wa Juni 1967. Zaire 1 ilikuwa makuta 100, na likuta 1 ilikuwa sengi 100. (Moja ni likuta, mbili ni makuta, musichanganye.) Mwaka huo walitoa sarafu ya sengi 10, ya likuta 1 na ya makuta 5. Mwaka 1973 wakaongeza sarafu ya makuta 10 na ya makuta 20. Mbele ya hapo, mwaka 1961, wakati Katanga ilipojitenga, kulikuwa sarafu ya franka 1 na ya franka 5, na juu yake picha ya msalaba wa shaba.

Msalaba huo haukuwa pambo tu. Hapa kwetu Haut-Lomami, pale Sanga, kando ya ziwa Kisale, wataalamu walichimba makaburi ya zamani katika miaka ya 1957 na 1958, tena mwaka 1974. Walikuta misalaba midogo ya shaba pamoja na wafu. Waliona kwamba kadiri miaka ilivyopita, misalaba ilikuwa midogo zaidi na ya kufanana zaidi. Wataalamu wengi wanafikiri kwamba ilikuwa feza. Ni neno la akili: vitu vikifanana, mtu anaweza kuvihesabu tu, haitaji kupima kila kimoja.

Hapo ndipo siri ya fumbo letu. Feza ina hesabu mbili. Ya kwanza ni idadi: vipande ni vingapi? Ya pili ni bei: vyote pamoja vina nguvu gani? Mtoto mdogo anaona vipande; mama sokoni anaona bei. Mwanafunzi wa hesabu anapaswa kuona vyote viwili, lakini asivichanganye. Kila hesabu moja inatupa mlinganyo mmoja (ile tunaita ekwasio mbele ya ubao). Hesabu mbili, milinganyo miwili. Nayo milinganyo miwili inayokwenda pamoja tunaiita mfumo.

2. FUMBO LA KWANZA

Nkambo alikuwa na sarafu 20 katika kopo. Zingine ni za likuta 1, zingine za makuta 5. Feza yote ni makuta 64. Kila namna ni ngapi?

Tutafanya kwa njia mbili. Ya kwanza haina herufi yoyote, na mama muuzaji wa mikate anaweza kuifanya kichwani.

NJIA YA KUWAZA. Tuwaze kwamba sarafu zote 20 ni za likuta 1. Basi feza ingekuwa makuta 20. Lakini iko 64. Inakosa 44. Sasa tutoshe sarafu moja ya likuta 1, tutie ya makuta 5 pahali pake: idadi haibadiliki, lakini feza inapanda kwa 4. Tufanye vile mara ngapi ili kupata 44? 44 tukigawanya kwa 4 ni 11. Basi za makuta 5 ni 11, na za likuta 1 ni 9.

NJIA YA MILINGANYO. Tuite x idadi ya sarafu za likuta 1, na y idadi ya sarafu za makuta 5. Andika vizuri neno "idadi". Wengi wanaandika "x ni likuta", kisha wanapotea kwa sababu hawajui tena kama x ni kipande ao ni bei.

Idadi: x + y = 20
Bei: x + 5y = 64

Tutoshe mlinganyo wa juu katika mlinganyo wa chini. x inakwenda, inabaki 4y = 44, basi y = 11. Tukirudi juu: x + 11 = 20, basi x = 9.

Tuhakikishe: 9 + 11 ni 20. Makuta 9 na makuta 55 ni 64. Ni sawa.

Sasa tazameni vizuri. Ile 44 na ile 4 za mlinganyo ndizo zile zile za njia ya kuwaza. Kutosha mlinganyo mmoja katika mwingine ni kusema: "Tuwaze zote ni za likuta 1, tuone ni nini kinachozidi." Herufi hazikuleta uchawi. Zimeandika tu mawazo ya mama wa mikate, ili yasipotee wakati namba zinakuwa kubwa.

Mtu mwingine anapenda kuanza hivi: x = 20 - y, kisha anaweka neno hilo katika mlinganyo wa pili: 20 - y + 5y = 64. Anafika pahali pale pale. Chagueni njia munayoipenda, lakini muimalize. Makosa mengi yanatoka kwa mtu aliyeanza na njia moja akarukia nyingine.

3. MITEGO MIWILI

Mtego wa kwanza ni kuchanganya vipimo. Fumbo linasema: sarafu 17 za makuta 10 na za makuta 20, feza yote ni zaire 2 na makuta 40. Ukiandika 10x + 20y = 2 umekwisha kuanguka. Geuza kwanza: zaire 2 na makuta 40 ni makuta 240. Basi 10x + 20y = 240, ni kusema x + 2y = 24. Na x + y = 17. Tunatosha: y = 7, na x = 10.

Mtego wa pili ni kufikiri kwamba kila maneno mawili ni habari mbili. Mtu akikuambia: "Niko na noti 30 za namna mbili, na ndugu yangu akiwa na sawa zangu tutakuwa na 60", amesema jambo moja mara mbili. x + y = 30 na 2x + 2y = 60 ni mlinganyo mmoja uliovaa nguo mbili. Hapo usihangaike. Hakuna njia mpaka upate habari ya pili ya kweli.

4. BAHASHA YA NOTI 47

Sasa jambo letu. Mwenzetu mmoja alifiwa na mama yake. Kilasi yetu ilikuwa na watu 47 bila yeye, tukakubaliana kusaidia kilio. Tulijua kwamba si wote wenye uwezo, kwa hiyo tulipanga hivi: kila mtu atatia noti moja katika sanduku, ya franka 500 ao ya franka 200, na hakuna kuandika majina, ili mtu asione haya. Kesye wa kilasi alihesabu, akatia feza katika bahasha, akaifunga, akaipeleka katika ofisi ya bwana prefe. Juu ya karatasi aliandika: "Noti 47. Jumla franka 16 500."

Kesho yake tulikuwa na somo la mifumo. Mmoja wetu alisema: "Tufanye fumbo na feza yetu!" Wote tukafurahi. Tukaandika ubaoni, x kwa idadi ya noti za 500, y kwa idadi ya noti za 200:

x + y = 47
500x + 200y = 16 500

Tukagawanya ya chini kwa 100: 5x + 2y = 165. Tukazidisha ya juu kwa 2: 2x + 2y = 94. Tukatosha: 3x = 71.

Kisha kimya. 71 haigawanyiki kwa 3. x ingekuwa 23 na theluthi mbili. Kwanza watu walicheka: "Kuna mutu alitia noti ya kukatwa!" Lakini nyuma ya kilasi sauti moja ikasema: "Kesye amekula." Kicheko kilikufa, maneno yakaanza kutembea. Mwingine akasema: "Ni kweli, ingelikuwa 16 600, x ingekuwa 24 kamili. Franka 100 ilienda wapi?" Na kweli, ukijaribu na 16 600 hesabu inatoka safi: 24 na 23.

Kesye alisimama. Alisema tu: "Niliandika vile nilihesabu." Kisha akaketi, akainamisha kichwa juu ya kaye yake.

Franka 100 si feza kubwa. Lakini jina la mtu si franka 100. Tunaandika neno hili kwa haya, kwa sababu wengi wetu tulinyamaza, na wengine kati yetu waliamini. Tuliona hesabu ubaoni, na tukafikiri kwamba hesabu imeshuhudia.

Mwalimu wetu wa hesabu aliacha kelele ipite. Kisha akasema: "Batoto, hesabu haiseme kama mutu ameiba. Inasema tu kama hii maneno tatu yenye tuliandika haiwezi kuwa kweli yote pamoja. Ni maneno gani?"

Tukayataja. Neno la kwanza: noti ni 47. Neno la pili: jumla ni 16 500. Tukafikiri yamekwisha. Mwalimu akangoja. Mwishowe mmoja akasema polepole: "Neno la tatu ni kwamba kila noti ni ya 500 ao ya 200."

Ndiyo hiyo. Neno la tatu halikuandikwa ubaoni na mtu yeyote. Lilikuwa limejificha katika x na y. Tulipotaja namna mbili tu, tuliapa kwamba namna nyingine haimo. Na jambo hilo hatukuliona kwa macho. Tulilipanga tu siku ile ya mapatano.

Mwalimu akatuonyesha namna nyingine ya kuona. Noti zote 47 zikiwa za 200, feza ni 9 400. Kila mara tukigeuza moja kuwa ya 500, feza inapanda kwa 300. Basi jumla lazima iwe 9 400 pamoja na 300 mara kadhaa. Kutoka 9 400 mpaka 16 500 ni 7 100, nayo haigawanyiki kwa 300. Kwa hiyo mojawapo ya haya matatu ilikuwa na makosa: idadi, ao jumla, ao namna za noti. Kuhusu mwizi, ubao haukuwa na neno hata moja.

Tulikwenda kwa bwana prefe, sisi wajumbe watatu pamoja na kesye. Bahasha ikafunguliwa mbele ya macho ya wote. Noti za 500 zilikuwa 24. Noti za 200 zilikuwa 22. Na katikati yao, noti moja ya 100, imekunjwa ndogo sana.

24 na 22 na 1 ni 47. Franka 12 000 na 4 400 na 100 ni 16 500. Kesye alikuwa ameandika kweli mbili, na sisi tulikuwa tumeongeza uongo mmoja bila kujua.

Ni nani alitia ile noti ya 100? Hatukuuliza, na hatutauliza. Sanduku halikuwa na majina, na tulilipanga vile kwa sababu nzuri. Pengine mtu huyo alikuwa na 100 tu ndani ya nyumba. Tulirudi kilasini, na wale waliosema wakaomba kesye radhi mbele ya watu wote. Sisi tulionyamaza tukaomba pia.

5. NA NAMNA ZIKIWA TATU?

Mmoja wetu aliuliza swali zuri: "Kama tungeweka namna tatu tangu mwanzo, hesabu ingetuambia ile noti moja ya 100 bila kufungua bahasha?" Tulijaribu. Tuite z idadi ya noti za 100:

x + y + z = 47
5x + 2y + z = 165

Tukitosha: 4x + y = 118. Vitu visivyojulikana ni vitatu, milinganyo ni miwili, basi jibu si moja. Tulitafuta yote yenye noti kamili, tukapata sita:

x = 24, y = 22, z = 1
x = 25, y = 18, z = 4
x = 26, y = 14, z = 7
x = 27, y = 10, z = 10
x = 28, y = 6, z = 13
x = 29, y = 2, z = 16

Munaona? Hesabu ilituambia kwamba noti ya 100 imo, angalau moja, ikiwa kesye alihesabu vizuri. Lakini kusema ni jibu gani kati ya haya sita, haikuweza. Hapo ilitupasa kufungua bahasha na kutazama. Ukitaka kujua vitu vitatu, utafute habari tatu. Sheria hiyo ni ya zamani. Wachina walikuwa na kitabu cha hesabu kinachoitwa Sura Tisa, na mtaalamu Liu Hui alikiandikia maelezo mwaka 263. Katika sura ya nane wanahesabu miganda ya nafaka ya namna tatu, nzuri, ya katikati na hafifu, na kwa namna tatu wanaleta habari tatu. Nalo neno aljebra linatoka katika kitabu ambacho al-Khwarizmi alikiandika Baghdad, karibu na mwaka 820. Watu hao wote walishughulika na mambo ya kila siku: nafaka, urithi, biashara. Nasi tuliyakuta katika bahasha ya kilio.

6. MASHAURI KWA KILA KESYE, NA KWA KILA KILASI

Kesye, usiandike idadi na jumla tu. Andika kila namna peke yake: za 500 ni ngapi, za 200 ni ngapi, za 100 ni ngapi. Mistari mitatu ya biki itakulinda kuliko maneno mengi. Tena hesabu mbele ya mtu wa pili, naye atie sahihi.

Na sisi wengine, jibu likikataa kutoka kamili, tusitafute kwanza mtu. Tutafute neno ambalo tuliliweka sisi wenyewe bila kulihakikisha.

7. MAZOEZI

A. Sarafu 25 za likuta 1 na za makuta 5, feza yote makuta 77. Kila namna ni ngapi?

B. Mama anauzisha mikate. Jioni ana noti 36 za franka 100 na za franka 200, jumla franka 5 200. Kila namna ni ngapi?

C. Kesye mwingine anaandika: "Noti 30 za 500 na za 200, jumla 10 000." Je, inawezekana? Musihukumu mtu, semeni tu ni maneno gani matatu ya kuchunguza.

D. Noti 10 za 500, za 200 na za 100, jumla franka 2 300. Tafuteni majibu yote.

MAJIBU. (Musitazame mbele ya kufanya!) A: za likuta 1 ni 12, za makuta 5 ni 13. B: za 100 ni 20, za 200 ni 16. C: haiwezekani, kwa maana 3x = 40; chunguzeni idadi, jumla, na namna za noti. D: majibu ni matatu, tukianza na za 500, kisha za 200, kisha za 100: 3, 1, 6, ao 2, 5, 3, ao 1, 9, 0.

Tusimame hapa kwa leo. Mwenye swali alete kwa sisi wa Kikundi cha Hesabu, siku ya pili baada ya masomo, chini ya mwembe. Alete kaye na biki.